Farasi Mezani kwa Mama Mkwe

Wiki jana mliniacha mlangoni, keki mkononi, miguu imeota mizizi.

Kwa aliyeingia leo, nimsogezee kiti. Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu hilo ndilo neno langu la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Baada ya mikosi ambayo wengine wenu mmeicheka mpaka mkaniudhi, hatimaye nilipata mchumba, mpima macho, binti mpole ambaye hakuna kinachompita. Jumamosi ile nikaenda kwao kujitambulisha kwa mama yake, mjane, mshona mapazia.

Nikagonga. Mlango ukafunguliwa. Na aliyeufungua nilikuwa namjua.

Alikuwa mwanafunzi wangu. Yule aliyegonga kibanda cha mlinzi wa uwanja wetu wa mazoezi, mlinzi akiwa ndani. Yule aliyeachia usukani ili ampungie mkono shoga yake. Yule ambaye, siku alipofeli mtihani tena, nilimwambia mbele za wenzake: "Mama, kwa heshima zote, wewe nunua baiskeli."

Ushauri wa kitaalamu. Mpaka leo nasema hivyo. Lakini mlangoni pale haukunisaidia kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayepima dirisha. "Leo hujafunga mkanda?"

Mchumba wangu akatokea nyuma yake. "Kumbe mnajuana?"

"Tumewahi kupanda gari moja," mama akajibu upesi. Jicho alilonikata lilimalizia mengine: ukifungua mdomo, keki hiyo utaila na boksi lake.

Nikaufunga. Binti hakujua kwamba mama yake aliwahi kujifunza gari. Tayari nilikuwa na siri na mama mkwe, na hata sijavua viatu.

Sebule yao ndiyo chumba cha kushonea. Nyumba yenyewe ina madirisha ya kuhesabika, lakini mapazia yaliyokuwa yananing'inia pale yangetosha hoteli. Cherehani ukutani, meza kubwa ya kukatia vitambaa katikati, na kwenye kiti cha pembeni amekaa mjomba wa mchumba wangu, kinyozi, mtu mwenye sura ya aliyesikia habari zote za mji kabla hazijatokea.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye," mama akasema.

Mjomba akanizunguka kichwa kwa macho. "Kinanyoleka."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kazi yangu, ukoo wangu, nia yangu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha gari. Nikakohoa kidogo. "Mama, mimi nimekuja hapa kwa heshima na..."

"Keti. Maneno hata kasuku anayo."

Akasukuma vitambaa, chaki na mkasi pembeni. Akainama chini ya meza akatoa ubao mpana, uliokunjwa mara mbili. Akaufungua.

Palikuwa na uwanja wa mbio, mrefu, umeviringika ncha zote mbili. Katikati ukuta wa mawe. Kandokando umati wa watu waliojifunga mashuka, midomo wazi, wanashangilia. Na juu yake mama akapanga vigari vidogo vya mbao, kila kimoja kimefungiwa farasi wanne.

"Roma ya kale," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa vigae. Aliuokota kwenye nyumba aliyokuwa akitengeneza, mwenye nyumba anautupa. Hawa ndio madereva wa zama zile. Dereva amesimama wima, hana kiti, hana paa, hana..."

"Hana breki," Mjomba akadakia, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Hapa hatumhoji mtu," mama akaendelea. "Ukimuuliza mtu, atakuambia unachotaka kusikia. Dadu haiulizi. Dadu inamvua mtu nguo."

Nikaangalia shati langu. Nikafunga kifungo cha juu.

Sheria zilikuwa nyepesi. Mnazunguka uwanja mara tatu. Kila zamu unachagua mwenyewe: urushe dadu moja, mbili au tatu. Kwenye mnyooko rusha zote, nani atakukataza? Ila kila kona imeandikwa namba yake. Ukiingia kwa namba kubwa kuliko hiyo, gurudumu linaumia.

Mama akanihesabia vifungo vya shati vitano. "Huu ndio uzima wa gurudumu lako. Kila pointi ya ziada, kifungo kimoja kinaondoka. Ukidaiwa kifungo na huna, umepinduka. Kwaheri."

"Na ukimfikia mwenzio ubavuni," Mjomba akasema, macho yanang'aa, "unaruhusiwa kumgonga. Unarusha dadu moja. Ikitoka kubwa, vifungo vyake vinaruka kama panzi."

"Kumgonga? Makusudi?"

"Sasa utamgonga kwa bahati mbaya?"

"Mjomba, mimi kazi yangu yote ni kufundisha watu wasigongane!"

"Basi leo umepata likizo."

Mama akainua kidole. Chumba kikatulia, hata mapazia nadhani.

"Ukinishinda, leo hii tunapanga tarehe ya harusi, na keki yako tunaikata kwa vigelegele. Nikikushinda mimi," akamtazama binti yake, akanirudia, "tarehe haipangwi mpaka unitimizie jambo langu moja. Nitalitaja mchezo ukiisha."

Mchumba wangu akakunja uso. "Jambo gani, mama?"

"Mchezo ukiisha."

Mimi nililijua jambo lenyewe. Lina usukani, lina gia, na mwisho wake lina leseni. Nikajaribu kupiga hesabu ya siku ambayo mama huyu atafaulu mtihani wa udereva. Nikajiona kwenye harusi yangu, nimeshika fimbo, meno sina, mpambe wangu ananitafunia keki.

"Na mimi nikishinda," Mjomba akasema, "bwana harusi namnyoa kipara."

"Wewe upo upande gani?" nikamnong'oneza mchumba wangu.

"Upande wa bluu," akajibu, akachukua gari lake.

Mama akachukua jekundu. Mjomba kijani. Gari la nne lilipotea zamani, kwa hiyo mimi nikapewa kigurudumu cha uzi kilichoisha uzi. Hata farasi sikuwa nao. Nikajipa moyo: mgeni hachagui kitanda.

Tukaanza.

Mama akarusha dadu zote tatu kama mtu anayemwaga maji machafu. "Haya, wanangu, kimbieni!" Gari jekundu likachomoka. Mjomba zote tatu. Mchumba wangu mbili, kwa adabu.

Mimi nikarusha moja.

"Moja?" Mjomba akauliza. "Kwenye mnyooko?"

"Mwendo wa kuanzia ni wa taratibu. Dereva anasikiliza kwanza chombo chake."

"Anasikiliza kigurudumu cha uzi," Mjomba akawatangazia wale watu wa Roma waliochorwa. "Mabibi na mabwana, mwalimu anasikiliza uzi."

Kona ya kwanza mama aliiingia moto moto. Vifungo viwili vikaenda. Akacheka. Mjomba akamfuata, kimoja kikaenda. Mimi nilifika pale wenzangu wameshaisahau, nikarusha dadu moja, nikapita salama salmini, nikaangalia kulia na kushoto kwa mazoea.

"Ameweka indiketa!" Mjomba akapiga kelele. "Wallahi ameweka indiketa!"

Mzunguko wa kwanza ukaisha nikiwa wa mwisho, mbali kiasi kwamba mama aliniuliza kama nahitaji kutumiwa nauli. Mchumba wangu aliuma mdomo asicheke. Akashindwa, akacheka. Na mimi, sijui kwa nini, kicheko kile kilinipasha joto kifuani kama chai.

Lakini mwenda pole hajikwai.

Mzunguko wa pili Mjomba alikuwa anaongoza na kifungo kimoja mkononi. Akafika kwenye kona kali kuliko zote, ile nyembamba iliyoandikwa saba. Tukamwambia, mjomba, rusha moja. Akasema nywele hazinyolewi nusu. Akarusha tatu.

Kumi na nne.

Mama akalichukua gari la kijani kwa vidole viwili, akalilaza ubavu.

"Nilikuwa mzuri," Mjomba akasema kwa huzuni.

"Ulikuwa na kasi," mama akamrekebisha. "Uzuri ni kitu kingine."

Kuanzia hapo Mjomba hakuwa na gari, kwa hiyo akawa mtangazaji. Akashika kitana kama kipaza sauti, na jirani mmoja akachungulia dirishani kuuliza mpira unachezwa wapi.

Sasa mambo yakaanza kunigeukia. Wenzangu magurudumu yamechakaa, wanaingia kona kwa woga. Mimi vifungo vyangu vitano vinameremeta, sijapoteza hata kimoja. Nikaanza kurusha mbili. Nikampita mchumba wangu, nikamwinamishia kichwa kwa heshima. Nikamkaribia mama. Mzunguko wa tatu ulipofika katikati, kigurudumu changu cha uzi kilikuwa kimesimama ubavuni mwa gari jekundu.

"Bega kwa bega!" Mjomba alikuwa juu ya kiti. "Mama ana kifungo kimoja! Kimoja tu! Mwalimu ana vitano! Zamu ni ya mwalimu!"

Nikaangalia ubao. Hata mtoto angeona. Nikimgonga, dadu yoyote ya maana inampindua, na harusi yangu inapata tarehe kabla chai haijapoa.

"Piga," mama akasema.

Nikaishika dadu. Unamgongaje mama wa mchumba wako, nyumbani kwake, siku ya kwanza, na keki yako hata haijakatwa?

"Mama, mimi nitapita tu pembeni," nikasema. "Kwa usalama."

Kumbe hapo ndipo nilipogonga. Uso wa mama ukabadilika.

"Unanihurumia?"

"Hapana mama, ni heshima."

"Heshima!" Akasukuma kiti nyuma. "Siku ile mbele za watu hukuwa na huruma wala heshima, leo kwenye mbao ndogo hizi ndiyo umeipata? Uliniambia ninunue baiskeli!"

Nilisikia chaki ikianguka. Mchumba wangu alikuwa amesimama.

"Baiskeli gani? Mama, siku ipi?"

Siri imekwisha kumwagika, hata ukiizoa inabaki na mchanga. Akakaa. Akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akaanza kukikunja bila sababu.

"Nilikuwa najifunza gari," akasema. "Kwa huyu. Gari la baba yako liko pale uani, mjomba wako analiwasha kila wiki halafu analizima, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Na mimi kila siku naomba watu wanibebee mapazia, huyu leo hana nafasi, yule kesho anakwenda msibani. Nikasema nitajifunza kimyakimya, siku moja nije nikuchukue kazini, nikupigie honi, ushtuke." Akakikunjua kitambaa. "Nikafeli. Nikafeli tena. Halafu nikaambiwa ninunue baiskeli. Sasa ungetaka nikuambie nini?"

Mjomba alishusha kitana.

Mchumba wangu akanigeukia taratibu. Anapima macho ya watu kila siku, lakini nakuapieni, siku ile macho yake ndiyo yaliyonipima.

"Ulimwambia mama yangu hivyo?"

"Ilikuwa... kitaalamu..."

"Mbele za watu?"

"Sikujua ni mama yako!"

"Angekuwa mama wa mtu mwingine ingekuwa sawa?"

Nikasogeza kigurudumu changu hatua chache pembeni, salama, nikakaa.

Zamu ilikuwa yake. Akarusha dadu mbili bila kuziangalia, akanifikia hasa ubavuni, gari la bluu likagusa uzi.

"Nagonga," akasema.

"Mpenzi..."

"Nagonga."

Akarusha. Sita.

Hakuna namba kubwa kuliko hiyo. Mjomba akapiga yowe lililomrudisha yule jirani dirishani. Kwa sheria zao, sita inaondoa vifungo vinne. Mchumba wangu mwenyewe, kwa mkono wake ule niliotaka kuuvisha pete, akaviokota vifungo vyangu kimoja kimoja akamkabidhi mama yake.

Mama akamtazama binti yake. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha kuanzia tumboni, mabega yanaruka. Binti naye akashikwa. Wakashikana mikono juu ya uwanja wa Roma, wanacheka na machozi yanatoka, na mimi nimekaa na kifungo kimoja kama shati la mlevi.

Ajabu, nami nikacheka. Mtu akipigwa vizuri lazima akiri.

"Tuendelee," mama akasema, akifuta macho kwa pazia la mteja.

Mbio zikabaki kona moja, ile ile kali ya saba, na baada yake mstari wa mwisho. Mama akaingia kwanza. Nilitegemea atarusha zote, ndiyo tabia yake. Akachukua dadu moja. Akaiviringisha kwenye kiganja, akairusha polepole. Mbili. Zamu iliyofuata, moja tena. Tatu. Akatoka kwenye kona na gari lake zima, amebakiza hatua kidogo tu afike.

"Umejifunza wapi uvumilivu, dada?" Mjomba akauliza.

"Kuna mwalimu mmoja ana kelele sana," akasema. "Lakini kuna mambo alisema yakaingia."

Zamu yangu. Nikirusha moja, sitoki hata kwenye kona. Nikirusha mbili, nitatoka, ila mama atavuka mbele yangu. Tatu zingenivusha, lakini zinaweza pia kunitupa kwa watazamaji.

Nikakumbuka kila kitu nilichowahi kufundisha. Nikakumbuka na fimbo ile ya harusini. Nikamwangalia mchumba wangu, bado ana chozi la kicheko shavuni, na hakunipa ishara yoyote.

Nikazichukua tatu.

"Mwalimu!" Mjomba akaita kwa hofu ya kweli. "Mwalimu, breki!"

Nikarusha. Ya kwanza ikatulia: tatu. Ya pili: moja. Ya tatu ikagonga mkasi, ikaruka, ikadondoka sakafuni, ikaviringika mpaka chini ya cherehani.

"Isiguswe!" mama akaamuru. "Isomwe ilipo!"

Mjomba akalala kifudifudi, shavu sakafuni, simu inamulika. "Dada, sindano zako zote zilizopotea ziko huku."

"Soma dadu!"

"Na kijiko kimoja."

"Kaka!"

Nilikuwa na nne. Ikiwa moja, mbili au tatu, nimepona. Hata ikiwa nne, nitatoa kifungo changu cha mwisho na nitavuka. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza kama wale madereva walivyoshika hatamu.

"Tano," Mjomba akasema kutoka chini.

Kigurudumu cha uzi nikakilaza mwenyewe. Sikutaka kinyozi anisaidie.

Mama akarusha dadu yake moja, akavuka mstari. Hakushangilia. Alinyoosha tu mkono juu ya meza, nikaupokea, na ulikuwa mkono wa mtu aliyepiga pasi mapazia maisha yake yote, wa moto na mkavu.

"Umewahi kupinduka kabla ya leo?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Unajionaje?"

Nikafikiri. "Si vibaya kama nilivyodhani."

"Vizuri. Sasa jambo langu unalijua. Unanifundisha tena. Harusi siku nikipata leseni."

"Nimekubali. Jumatatu asubuhi, uwanjani, na gari la shule lenye..."

"Leo," mama akasema, akavua tepu ya kupimia shingoni. "Na gari la mume wangu."

Gari lilikuwa uani, limefunikwa kwa vazi alilolishonea mwenyewe, lenye marinda pembeni kama pazia la ukumbini. Chini yake gari dogo la rangi ya maziwa, safi kama limenunuliwa jana. Tukakubaliana: ndani ya geti tu, mbele na nyuma, basi. Mimi nikakaa kiti cha kushoto kwake, nikafunga mkanda, nikatafuta kwa mguu ile pedali ya breki ya mwalimu.

Haikuwepo. Lilikuwa gari la watu wa kawaida. Nilikuwa abiria.

Mama akawasha. Nikafungua mdomo niseme neno langu. Halikutoka. Mama akaweka gia. Gari likasogea mbele, laini, kama mtu anayetembea na mtoto aliyelala. Likasimama. Likarudi nyuma. Likasimama.

Nikamtazama. "Mama. Mbona leo unaendesha?"

"Kwa sababu leo umenyamaza. Ukipiga kelele 'breki' mimi naruka, na mguu unakanyaga ulichokiona kwanza."

Nikauvuta mguu wangu kutoka kwenye breki ile isiyokuwepo.

Na hapo ndipo Mjomba, kwa nia njema na akili ya wembe butu, akadhani tunahitaji nafasi zaidi. Akafungua geti.

"Mama, hapana," nikasema.

"Mpaka pale kwenye mti tu."

"Mama, hatuna alama ya mwanafunzi!"

"Mpaka pale tu."

Tukaupita mti. Tukapita duka la simu, tukampita mtu anayesukuma mkokoteni wa maboksi, mama akampisha kwa adabu. Penye alama ya kusimama akasimama. Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akakata kona taratibu, usukani unateleza mikononi mwake kama kitambaa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni woga. Kumbe alikuwa anaimba, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikajisahau. Nikaegemea kiti. Niliona fahari, ndugu zangu, fahari ya mwalimu na fahari nyingine ambayo sikuwa na jina lake bado.

Baada ya kona ile alikuwa amesimama trafiki.

Mwanamke wa makamo, miwani myeusi, sare imenyooka. Akainua mkono. Mama akasimama pembeni bila kutikisika, akashusha kioo.

"Leseni, mama."

"Ya kujifunzia ninayo. Iko nyumbani, kwenye kopo la pini."

"Alama ya mwanafunzi?"

"Hiyo sina."

Trafiki akainama akaniona mimi. "Na wewe?"

"Mimi ni mwalimu wa udereva," nikasema, na mara nikatamani kuyameza. "Kibali changu kiko kwenye gari la shule."

"Mwalimu wa udereva," akarudia. "Barabarani na mwanafunzi, bila alama, bila kibali, gari lisilo la shule." Alinipangia makosa yangu kama mtu anayeanika nguo. Kazi yangu niliiona ikiniaga. "Huyu ni nani wako, mama?"

Nilingoja mama aseme lile nililostahili. Ni yule wa baiskeli. Ni mtu mmoja tu aliyekuja na keki.

"Ni mkwe wangu," mama akasema. "Na kosa ni langu. Yeye alikataa."

"Mkwe kweli, au unamwokoa?"

"Tarehe bado. Mkwe tayari."

Sikuweza kumtazama. Nikatazama dashibodi, nikaiona ina ukungu, kumbe ukungu ulikuwa machoni mwangu.

Trafiki akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wangu. "Mkwe, shuka."

Nikashuka. Nikanyoosha mikono nifungwe pingu. Akanipita, akaketi kwenye kiti changu, akafunga mkanda, akavua miwani.

"Mama, nimesimama hapa tangu asubuhi," nikamsikia akisema. "Wewe ni wa kwanza kusimama pale penye alama. Haya, washa. Nataka nione mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka, likakata kona, likapotea.

Nilikuwa bado nimesimama pale pembezoni mwa barabara wakati mchumba wangu alipofika, anakimbia na ndala, pumzi zimemwishia, Mjomba nyuma yake na kitana mkononi.

"Mama yuko wapi?" akapiga kelele. "Wamesema kuna trafiki! Mama amechukuliwa na polisi?"

"Hapana," nikamwambia. "Polisi ndiye amechukuliwa na mama."